Barua ya wazi kwa bodi ya kituo chetu: ajali ya mlango wa simba ina kinga

Kwa Mwenyekiti na Wanabodi,
Kituo cha Kutunzia Wanyama,
Nairobi.

KUH: USALAMA WA WATUNZAJI WA SIMBA NA CHUI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wanabodi wenzako. Mimi ni mtunzaji wa wanyama katika kituo mnachokisimamia. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, na tisa kati ya hiyo nimekuwa upande wa simba na chui. Meneja ataujua mwandiko wangu, kwani hii ni barua ya nne. Ya kwanza nilimpa msimamizi wa zamu mkononi. Ya pili niliipeleka kwa meneja. Ya tatu niliipigisha chapa kwenye saiba karibu na stendi ya matatu, nikaileta ofisi ya katibu wenu na ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu nililopata kwa zote tatu ni moja, nalo ni barua ya onyo.

Jina la kituo sitaliandika hapa. Sitaki wageni wakikimbie, maana kiingilio chao ndicho kinachonunua nyama. Nataka milango itengenezwe kabla hatujamzika mtu.

Nianze na ile asubuhi niliyopewa onyo kwa ajili yake. Onyo lenyewe linaisimulia kwa sentensi mbili, na mambo yalikuwa marefu kuliko hapo.

Ilikuwa kabla ya saa mbili. Kama mjuavyo, kati ya kila banda la usiku na uwanja wake kuna mlango wa chuma unaopanda na kushuka ndani ya reli. Unavutwa kwa waya unaopita juu ya roda hadi kwenye ujia wa watunzaji, ambako kuna mkono wa kuzungusha. Ukisimama penye mkono ule huuoni mlango, kwa sababu ukuta wa mawe uko katikati. Tunategemea masikio. Mlango ukigonga sakafu unasikia kishindo, basi unajua umefunga.

Nilimwita Lemayan, simba wetu dume, kwa ndoo ya nyama, akatoka uwanjani na kuingia bandani. Nikateremsha mlango, nikasikia kishindo, nikapiga kufuli kwenye mkono. Nikachukua ufagio, wilbaro na mpira wa maji, nikaingia uwanjani kusafisha. Nilikuwa peke yangu. Ilikuwa siku ya wanafunzi, na mwenzangu wa zamu alikuwa amepelekwa langoni kukata tiketi.

Nilipofagia hadi karibu na mlango niliona mwanga chini yake. Mfupa wa muundi wa ng'ombe, mabaki ya chakula cha jana, ulikuwa umelala kwenye reli na mlango ulikuwa umeukalia. Kishindo nilichokisikia kilikuwa cha mfupa. Nafasi iliyobaki ilikuwa na upana wa kiganja. Nikiwa bado naitazama, yakatokea makucha. Lemayan alipitisha mguu wa mbele hadi kifundoni, akaugeuza kiganja juu kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, akainua. Mlango ukapanda. Ukashuka, ukagonga mfupa, ukapanda tena. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwahi kuliwazia: waya ule unaweza kuuvuta mlango juu, lakini hauwezi kuuzuia chini. Kufuli langu lilikuwa limefunga mkono wa kuzungushia. Mlango wenyewe haukuwa umefungwa na kitu chochote ila uzito wake, na dume la simba aliyekomaa anaweza kufika kilo 190 na zaidi.

Sikukimbia. Mzee aliyenifundisha kazi hii alinikataza kumpa simba mgongo. Nilirudi kinyumenyume, ufagio mbele yangu, nikimtazama, hadi mgongo wangu ukagusa mlango wa watunzaji. Nikatoka. Mikono ilinitetemeka hata ufunguo ukakataa kuingia kwenye tundu. Baadaye, simba wote wakiwa ndani na pini ya jeki ikiwa imezuia mlango, nilirudi nikapima njia ile kwa hatua: hatua kumi na saba. Lemayan hakutoka kwa sababu alikuwa na nyama bandani ambayo hakuwa ameimaliza. Hiyo tu ndiyo iliyoniokoa.

Barua ya onyo inasema nilionyesha "uzembe" kwa kutohakikisha kuwa mlango umefungwa. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa neno hilo ndipo tunapotofautiana. Ikiwa uhai wa mtu unategemea yeye asisahau hata siku moja, asichoke hata siku moja, na asidanganywe hata mara moja na sauti ya mfupa, basi kasoro iko kwenye mlango, na mwenye mlango ni ninyi. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. MILANGO

Naliweka hili mbele kwa sababu ukisoma jinsi watunzaji walivyouawa na paka wakubwa sehemu mbalimbali duniani, utaona mlango ndio unaojirudia.

Tarehe 6 Machi 2013, katika hifadhi moja ya paka jimboni California, msichana wa miaka 24 aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa anasafisha uwanja huku simba akiwa kwenye kizimba kidogo cha kulia. Mlango wa kizimba ulikuwa haujafunga hadi mwisho. Simba akauinua kwa mguu, akatoka, akamuua. Niliposoma taarifa hiyo ilinibidi niweke simu chini. Ni asubuhi yangu ile ile, ila kwake nyama haikuwepo ya kumshikilia simba ndani.

Tarehe 30 Desemba 2018, North Carolina, msichana mwingine wa miaka 22, mwanafunzi wa kazi vilevile, aliuawa na simba wakati wa usafi. Mpira mkubwa wa kuchezea wanyama ulikuwa umezuia mlango usishuke. Hapo ulikuwa mpira, kwangu ulikuwa mfupa. Cologne, Ujerumani, tarehe 25 Agosti 2012, simbamarara alipita kwenye mlango ambao haukuwa umefungwa, akamuua mtunzaji wake. Na huko Cumbria, Uingereza, Mei 2013, simbamarara alimuua mtunzaji wa miaka 24 ndani ya jengo la watunzaji. Kifaa kilichotakiwa kuufanya mlango ujifunge wenyewe kilikuwa na hitilafu. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni iliyoendesha bustani ile faini ya jumla ya pauni 297,500, ikijumuisha kosa jingine la mfanyakazi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akitayarisha chakula cha wanyama. Marehemu hakuandikiwa barua ya onyo. Aliyejibu mbele ya hakimu ni mwenye mlango.

Dawa yake mafundi wanaijua. Pini ya chuma hupitishwa kwenye tundu la mlango na tundu la reli, na matundu hayo hulingana tu mlango ukiwa umefika sakafuni. Mlango ukikalia mfupa, au mpira, au jiwe, matundu hayalingani na pini haiingii, nawe unajua mara moja kuwa bado. Mkitaka kwenda hatua ya pili, ufunguo wa uwanja unafungiwa kwenye kifaa kisichouachia mpaka pini iwe mahali pake. Viwanda hutumia utaratibu wa ufunguo wa namna hiyo kwenye mashine zinazoweza kumkata mtu. Pamoja na hilo kunahitajika tundu la kuchungulia kwenye ule ukuta wa mawe, au kioo kama vile vya kona za barabara, ili mtu aone mlango kwa macho yake.

Pia mlango wetu wa kuingilia uwanjani ni mmoja tu. Ukiufungua, kati ya simba na ujia hakuna kitu. Inatakiwa iwe miwili yenye kijichumba katikati, na wa pili usifunguke mpaka wa kwanza ufungwe.

2. KUINGIA PEKE YAKO

Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani zamu ya simba ina watu wawili. Katika siku za wageni wengi huwa ni mtu mmoja. Yule wa pili hupelekwa langoni, au maegeshoni, au kuongoza watoto wa shule.

Kazi ya mtu wa pili hamuioni kwa sababu, mambo yakienda sawa, anaonekana amesimama tu. Yeye ndiye anayehesabu wanyama kabla yako kuingia: simba watatu wako bandani, nimewaona wote watatu, ingia. Yeye ndiye anayerudia kukagua kufuli uliyoifunga wewe, kwa sababu jicho la aliyefunga linaona anachotarajia kuona. Na mambo yakiharibika, ndiye anayepiga simu. Yule msichana wa California alikuwa akizungumza na mwenzake kwa simu wakati ule. Mwenzake alijua kuna jambo pale mazungumzo yalipokatika ghafla. Mimi asubuhi ile sikuwa naongea na mtu. Kama ningeanguka, ningegunduliwa na wanafunzi.

3. MAONYESHO YA WAGENI

Tangu mwaka jana tumeagizwa kuwakuna simba shingoni kupitia nyavu na kumlisha chui vipande vya nyama kwa koleo fupi, wageni wakipiga picha. Mgeni akiwa wa maana, anaruhusiwa kusogea hadi ndani ya kamba. Tumeambiwa video hizo zinatuletea watu.

Tarehe 22 Desemba 2006, katika bustani ya wanyama ya San Francisco, simbamarara jike alimkamata mtunzaji mkono kupitia vyuma wakati wa ulishaji wa mbele ya wageni, akaurarua. Wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo walisema kosa ni la bustani, kwa jinsi vizimba vilivyojengwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Desemba 2007, simbamarara huyohuyo aliruka ukuta wa uwanja wake na kumuua kijana wa miaka 17 aliyekuja kutembea. Ukuta ule ulikuwa na urefu wa kama mita 3.8, wakati uliopendekezwa na wataalamu ni karibu mita 5. Naomba wanabodi wanaodhani haya ni mambo ya watunzaji na meneja wao walitafakari hilo. Hatari iliyoachwa bila kushughulikiwa kwa mfanyakazi ilimfikia mgeni, na ilimfikia siku ya Krismasi.

Nasi tuko Nairobi. Mbuga ya taifa imepakana na jiji tangu 1946 na tunajua simba akitoka huwa nini. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, watu wakamzunguka, akamjeruhi mtu, naye akapigwa risasi akafa. Huyo alikuwa simba wa porini anayemwogopa binadamu. Wetu hawamwogopi mtu yeyote. Ng'ambo ya ua wetu wa nyuma kuna njia ya miguu ambayo watoto huipita wakienda shule.

4. MWENZETU WA VIDOLE

Yeye kaniruhusu niandike hili mradi nisimtaje. Ni kibarua, amekuja kazini kwa siku kwa siku kwa karibu miaka mitatu. Alikuwa akimlisha chui kwa lile koleo fupi, mbele ya wageni. Chui hakuitaka nyama, aliutaka mkono. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Gari la kituo lilikuwa limeenda kuchukua vinywaji. Tulimfunga mkono kwa fulana yangu, tukampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mtunzaji mwingine, wakaenda hivyo hadi hospitali. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji moja na chupa tupu ya spiriti. Kidonda cha jino la paka ni chembamba juu na kirefu ndani. Bakteria aina ya Pasteurella walioko mdomoni mwa paka huingizwa hadi karibu na mfupa, na kabla siku haijaisha mkono huwa umevimba. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Vidole vilikatwa siku ya tatu.

Gharama tulichanga sisi kwa M-Pesa. Nilikuwa mweka hazina, na orodha ninayo. Hakuna mtu wa ofisi kwenye orodha hiyo.

Tulipouliza kuhusu fidia tuliambiwa yeye ni kibarua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi ambapo mtu anafanya kazi, kwa muda au kwa kudumu. Inamtaka mwajiri apeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku 7 kwa ajali inayomjeruhi mtu kazini. Mwenzetu alikaa nje miezi miwili, na hakuna afisa wa usalama kazini aliyefika kukagua kile kizimba wala kumhoji yeye wala kutuhoji sisi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na fidia ya ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Naomba mtuonyeshe hati ya bima hiyo. Kama ipo, mbona hakuitumia? Leo anauza mitumba kando ya barabara, na anashikilia hanga kwa mkono wa kushoto.

5. SIKU YA DHARURA

Hili ni fupi kwa sababu hakuna kitu cha kuelezea. Bunduki ya sindano ya usingizi iko kabatini ofisini na ufunguo anao daktari wa wanyama, ambaye haishi hapa. Hata ingekuwa mkononi, dawa ile haimlazi simba papo hapo. Huchukua dakika kadhaa kumwingia, na simba aliyepandwa na hasira huchelewa zaidi. Kule North Carolina walijaribu mara kadhaa kumlaza yule simba, ikashindikana, hatimaye akapigwa risasi. Katika miaka kumi na mmoja sijawahi kushiriki zoezi hata moja la mnyama kutoroka. AZA, chama kinachotoa ithibati kwa bustani za wanyama za Marekani, hutaka zoezi la namna hiyo lifanywe angalau mara moja kila mwaka. Redio za mkononi tulizonazo ni mbili, na moja haishiki chaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshayasikia yote kwenye ujia wa ofisi.

Litasemwa la bajeti. Nilikwenda Kamukunji siku yangu ya mapumziko, nikamchorea fundi wa kuchomelea mlango wetu kwenye karatasi. Aliniambia pini na masikio yake kwa milango yote sita, pamoja na kazi, haitafika shilingi elfu arobaini. Kibanda kipya cha kahawa kinachotazamana na uwanja wa simba nilikiona kikijengwa mwaka huu, kwa vioo na sakafu ya mbao. Sina ugomvi na kibanda cha kahawa. Ila anayekunywa pale anamtazama mtu anayefagia nyuma ya mlango usiokuwa na pini.

Litasemwa kwamba simba hawa wamelelewa kwa chupa, wametuzoea. Ni kweli simba wetu Nasieku nilimnyonyesha mimi mwenyewe maziwa ya unga, usiku na mchana, alipokuwa na ukubwa wa paka wa nyumbani, na ninampenda. Nasema hivyo bila haya. Lakini Februari 2024, katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo kule Ile-Ife, Nigeria, mtunzaji aliuawa na simba aliyekuwa amemtunza tangu azaliwe pale chuoni, kama miaka tisa. Taarifa zilisema mlango haukufungwa baada ya kulisha. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria Nasieku, na umri wake, na mikono yangu. Wazee walisema ukiona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Kumlea hakumgeuzi kitu kingine. Simba hata akikupenda anacheza kwa makucha, na anakamata kwenye koo.

Litasemwa kwamba anayeogopa atafute kazi nyingine. Mtunzaji asiyeogopa simba mimi nisingependa kufanya naye zamu.

Na mwisho litasemwa lile ambalo meneja aliniambia uso kwa uso, kwa upole, akinipigapiga begani: "Ajali haina kinga, bwana." Methali hiyo ni ya wahenga na siipingi. Mti ukianguka barabarani usiku, hiyo haina kinga. Lakini mfupa kwenye reli una kinga, ni kipande cha chuma chenye urefu wa shubiri. Mkono ulioshika koleo fupi una kinga, nayo ni koleo refu, au kutolisha kwa mkono kabisa. Ajali ambayo imeandikwa katika barua tatu zenye tarehe haiwezi tena kusingiziwa kudura.

Ninachoomba ni hiki.

Kuanzia wiki hii, mtu yeyote asiingie uwanja wa simba au chui akiwa peke yake, hata siku ya wanafunzi, na ulishaji wa mbele ya wageni usimamishwe. Haya hayahitaji pesa.

Ndani ya siku 30, pini ziwekwe kwenye milango yote sita pamoja na matundu ya kuchungulia, waya zenye kutu zibadilishwe, sanduku la huduma ya kwanza lijazwe, redio ziwe za kutosha, na ufunguo wa kabati la bunduki ukae mahali ambapo msimamizi wa kila zamu anaufikia. Milango miwili yenye kijichumba katikati naelewa inahitaji ujenzi. Tupeni tarehe.

Tuko zaidi ya wafanyakazi 20, kwa hiyo sheria inadai kituo kiwe na kamati ya usalama na afya ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao. Iundwe, na vibarua wawe na nafasi ndani yake.

Ajali ya mwenzetu iandikwe na ipelekwe panapohusika, hata kama imechelewa, na alipwe haki yake.

Barua yangu ya onyo sidai iondolewe. Ibaki kwenye faili, mradi hii nayo iwekwe kando yake, ili atakayekuja kusoma baadaye asome zote mbili.

Sheria hiyohiyo ya 2007 inasema mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa, mwajiri hatakiwi kumrudisha mahali pale kabla ya kuiondoa. Kwa hiyo nawajulisha kwa heshima kwamba kuanzia kesho nitawalisha simba, nitawasafishia maji, nitafanya kila kazi ya upande wa nje, lakini sitakanyaga uwanjani mpaka mwenzangu asimame kwenye ujia na mlango uwe na kitu cha kuuzuia chini. Watunzaji wanne wameniambia watafanya vivyo hivyo. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Ule mfupa ninao. Niliuosha, uko kwenye kabati langu la nguo za kazi, na alama ya mlango imebaki juu yake. Mkiniita kwenye kikao nitakuja nao, pamoja na rula.

Wako mtiifu,

Mtunzaji wa simba, zamu ya asubuhi
Nairobi